Aliyeziba Ufa

Zenta ananionyesha beseni.
Ndani, magamba ya matofali,
mekundu, membamba kama biskuti,
ameyapanga kwa mistari, kana kwamba yatarudishwa.
"Kila Machi," anasema, "ukuta unanyonyoka.
Nafagia asubuhi, jioni umeniletea mengine."

Mimi fundi. Nagonga kwa mpini wa nyundo,
nasikiliza: ngo, ngo, ngo,
halafu po.
Hapo ngozi imeachana na nyama.

Matofali haya yalichomwa hapa hapa Daugavpils,
kabla ya vita vya kwanza, kwa moto wa kuni.
Ni laini, yana vinyweleo. Hunywa mvua,
na hilo si kosa:
ukuta wa zamani ulikunywa, kisha ukatoa jasho
kupitia chokaa iliyolazwa kati ya tofali na tofali,
chokaa dhaifu kwa makusudi,
iliyokubali kufa kwanza.

Ndipo Ādolfs, mumewe,
katika likizo ya wiki mbili, kiangazi,
akaona chokaa inapukutika kama unga.
Akaazima toroli kiwandani. Akapata saruji, mifuko sita
(sitauliza aliipataje, zama zile).
Akakwangua, akashindilia, akalainisha kila kiungo
kwa kijiko cha supu. Alama zake bado zipo,
nadhifu, za mtu anayeipenda nyumba yake.

Saruji haitoi jasho.
Maji yaliyoingia yakakosa mlango,
yakasogea hadi nyuma ya uso wa tofali,
yakangoja.
Desemba ikaja. Yakalala yakiwa maji,
yakaamka magumu, yamevimba, yanadai nafasi,
na nafasi ilikuwa mbele tu.
Usiku mmoja hauvunji kitu.
Ila huku kunaganda usiku, kunayeyuka mchana,
kunaganda tena,
mara hamsini kwa msimu, miaka thelathini na saba.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Aliuziba.
Na mimi hapa, na matofali mapya kwenye gari.

Zenta anangoja nimwambie kisa ni nini.
Natazama alama za kijiko.
"Maji," nasema. "Ni maji tu, mama."

"Na saruji," anajibu, macho kwenye beseni.
"Nilimshikia ndoo.
Kijiko kilikuwa changu, cha seti ya harusi.
Siku ile nilimgombeza kwa ajili ya kijiko."