Kalibu Namba Arobaini na Mbili

Miguu yako ninayo, Manlio,
imepangwa rafuni juu ya cherehani:
kalibu ya mwaka ulipoanza kutembea, ya komunio ya kwanza,
na hii ya mwisho, namba arobaini na mbili,
niliyoichonga ukiwa na miaka kumi na tisa,
kabla hujapanda treni pale Ancona
na begi la kuazima.

Kila Oktoba nilikushonea jozi.
Ngozi ya ndama, soli mbili, uzi wa nta.
Nikaituma Denmaki, nikangoja simu.
"Nzuri sana, baba," ulisema, mwaka hadi mwaka,
nami nikasikia: narudi.
Hukulisema. Nililisikia mimi.

Samaki mkunje angali mbichi.
Ngozi nayo huloweshwa, huvutwa, hupigwa misumari,
ikikauka imeshika umbo.
Nilidhani nalea, kumbe nawamba.

Mama yako alijua. Ottavia,
kwa ile sauti yake ya kumenya vitunguu:
"Ercole, mtoto si oda ya mteja."
Nikamwambia aangalie sufuria yake.

Jana umekuja, theluji mabegani,
ukavua viatu mlangoni. Vya dukani, turubai na mpira,
vimelika upande mmoja.
Nikavipindua, mazoea ya kazi, nisome soli:
hatua za mtu apandaye ngazi za minara ya upepo,
mtu aegemeaye kulia
kwa sababu nisizozijua.
Ndani, kwenye ulimi: arobaini na nne.

Arobaini na nne!
Miaka ishirini na miwili, zile jozi zangu umezivaaje?
Ukataka kucheka, ukatazama sakafu.
"Sikuzivaa, baba. Ziko kabatini, zote.
Kuzitupa ndiko kulikonishinda."

Nikakaa. Supu ikapoa.
Sikuwa na neno, na safari hii
sikulitafuta.

Asubuhi nimeishusha ile kalibu,
nimeikabia dirisha la karakana, lile lisilokubali kukaa wazi.
Imefaa. Hewa inaingia, baridi, na harufu ya moshi wa jirani.
Wewe bado umelala chumba cha juu,
unakoroma kama mama yako.

Sitakupima. Ukiamka
nitakuuliza tu siku hizi kahawa unainywaje,
maana hata hilo silijui.