Majirani Sita

Chiromo, maabara ya chini, saa tatu asubuhi.
Syombua anapuliza chembe za kioo,
laini kuliko vumbi la Februari,
juu ya maji yaliyochujwa mara tatu.
Hazizami. Wala hazielei kwa raha kama kizibo.
Zimekwama mpakani, kiuno majini, kifua hewani,
kama watu waliopanga foleni
bila kujua dirisha liko wapi.

Mimi ni fundi wa mitambo. Kazi yangu ni swichi.
Naambiwa: sukuma.
Vizuizi viwili vinakaribiana, milimita kwa dakika,
na chembe zinajipanga,
kila moja na majirani sita,
sega lisilo na asali,
pembe sita, pembe sita, hadi darubini ichoke.

“Zinasukumana kwa umeme,” asema, “ndiyo maana hazigusani.
Zile kubwa ndizo huvutana:
kila moja huubonyeza uso wa maji,
na jirani huteremkia kishimoni.”
Nikaandika daftarini: uzito wako ndio mteremko wangu.
Akasema hiyo si data.
Nikafuta. Nusu.

Halafu sindano ya sumaku, imelala juu ya utando.
Tunaizungusha polepole.
Utando unakaza, unakataa
kama mwenye nyumba tarehe tano.
Tunaongeza. Bado.
Tunaongeza,
na mahali pamoja, si pote, unaachia,
safu zinateleza, kilichokuwa ukuta kinatiririka.

Anarudisha picha nyuma. Kidole kwenye kioo.
“Palianzia hapa. Hii ina majirani watano.”

Zimmerman, ghorofa ya nne.
Mama Achola alihama usiku, godoro kichwani,
hakuaga. Siku ya pili hakuna aliyejua
ufunguo wa tangi uko kwa nani.
Siku ya tisa wawili walipigana kwa ndoo.
Mwisho wa mwezi nilihesabu milango mitatu iliyofungwa kwa kufuli,
na mimi nikaanza kuuliza bei za vyumba Kahawa.

Stima ikapotea. Vizuizi vikasimama kimya.
Nikatoka mlangoni, ilipo chai yangu,
maana sheria hairuhusu kikombe ndani.
Imeshika utando wa maziwa.
Nausukuma kwa kijiko: kunyanzi, kunyanzi nyembamba,
kisha mkunjo mmoja mnene
ambao, nikiondoa kijiko,
haukunjuki.

Syombua amesimama nyuma yangu, simu yake ikimulika kikombe.
“Hilo,” asema, “liandike.”