Saa Sitini

Fomu ilisema: saa sitini za huduma,
sahihi ya mwenyeji, mhuri wa chuo,
na kisanduku kidogo chini kabisa:
"Eleza ulichowapa wanajamii."

Tulitoka Busan wanafunzi tisa,
glavu zetu zingali na harufu ya duka.
Ndege hadi Manila, basi usiku kucha,
kisha miguu, tope likimeza vifundo,
tukafika Ifugao kusimamisha ukuta wa jaruba
ulioangushwa na kimbunga cha Oktoba.

Nikapangiwa kwa Erlinda Dulnuan,
mjane mwenye kicheko cha kukatiza mazungumzo.
Alinitazama nikihangaika na jiwe,
akasema kwa Kiingereza cha shule,
nami nikakipokea kwa changu kinachochechemea:
"Jiwe lina uso.
Wewe umelilaza kifudifudi. Litapumuaje?"

Nilidhani ni mzaha.
Nikalaza mawe kumi na manne
na kuyapiga picha yote kumi na manne.

Usiku ikanyesha.
Alfajiri nikasikia ko, ko, ko.
Nikachungulia:
Erlinda na shemeji yake, Binwag,
wanayang'oa mawe yangu, moja moja,
polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba
akiwa usingizini.
Matatu waliyaacha.
Mpaka leo sijui, ni kwa ubora wake
au kwa huruma.

Nikarudi kulala, nikajifunika gubigubi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone?
Mgeni nimekuja,
na mwenyeji anaamka saa kumi kufuta kazi yangu.

Wahenga wanasema siku ya tatu mpe jembe.
Mimi siku ya tatu nilipewa kikapu:
changarawe za mtoni, ngazi mia mbili na kitu
(nilipoteza hesabu, nikapoteza na pumzi),
katika foleni ya wanawake waliotafuna tambuu
na kusema mambo yaliyowachekesha mno,
nami nikacheka nyuma yao, nimechelewa,
bila kujua kama kinachochekwa ni mimi.
Ndiyo, kilikuwa mimi. Binti yake Jovelyn alinitafsiria baadaye:
"Wanasema unapanda kama kuku aliyelowa."

Siku ya saba, tukichambua konokono wa mpunga
kwa ajili ya chakula cha jioni,
Erlinda akauliza: "Bibi yako analima nini?"

Nikasema vitunguu saumu, Namhae, kando ya bahari.
Nikasema mashamba yake pia ni ngazi,
yana kuta za mawe kama haya.
Nikasema zamani. Siku hizi ni magugu.
Mjomba anamtafuta mnunuzi mwenye mgahawa.

Akaacha konokono mkononi.
"Na kuta za bibi yako
nani anazitengeneza?"

Sikuwa na Kiingereza cha kujibu hilo.
Hata Kikorea sikuwa nacho.

Siku ya kuondoka, Mwalimu Heo akakusanya fomu.
Nilikuwa na saa hamsini na mbili.
Nane nilizilala, nikaziacha wazi.
Erlinda akasaini kwa mwandiko wa darasani,
herufi zimesimama wima kuliko ukuta wangu,
akanipa fungu la mpunga uliofungwa kwa ukambaa,
na hakulia. Ni mimi niliyelia,
naye akacheka, akanifuta kamasi kwa kiganja
chenye ganda gumu kama gome.

Kwenye kisanduku niliandika: mengi.
Nikafuta.
Nikaandika: mawe matatu.

Kutoka uwanja wa ndege nikampigia bibi simu.
Sikio lake moja halifanyi kazi.
"Bibi, uso wa jiwe uko upande gani?"
"Uso? Uso wa nani?"
"Wa jiwe! La ukutani!"

Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.
Nilisikia redio yake, mbwa wa jirani,
kisha kiti kikivutwa.

"Njoo," akasema. "Hayaelezeki kwa simu.
Na viatu hivyo vyeupe usije navyo."