Hesabu ya Walukuba

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya king'ora cha kiwanda,
Ocitti anafungua kufuli kwa bisibisi.
Ufunguo ulipotea tangu Pasaka.
Ndani: ekseli ya lori, makopo ya rangi
yaliyoshindiliwa saruji, kilo zake
zimechorwa kwa msumari, nyingine kwa kukisia.

Tenywa amekuja na malapa. Anafukuzwa.
Anarudi peku.

Kagoya, muuza makaa wa Jinja,
anakaza leso juu ya suruali ya mumewe.
Kutwa nzima ni magunia. Nilimuuliza, huchoki?
"Gunia hunipanda mgongoni," akasema.
"Chuma hiki nakifuata mwenyewe."

"Moja!"
Ocitti alikuwa jeshini,
hesabu yake ni ya Kiswahili tu.
"Mbili!"
Hapa tuna Kisoga, Kiacholi, Kisamia;
wote tunachuchumaa kwa lugha ya kambini.
"Tatu!"
Mama yake Kagoya, akiisikia barabarani usiku,
alikuwa akizima koroboi
na kuwasukuma watoto uvunguni.
Kagoya aliniambia hayo mara moja,
akijifuta shingoni jasho jeusi la makaa,
kisha akaomba maji.

"Nane."
Mapaja yanatetemeka. Mtu anajamba, hakuna anayecheka.
"Tisa."
Na Ocitti anakawia, kama kawaida yake,
anatazama dari, anajifanya kasahau kinachofuata.
Tunamlaani kimoyomoyo.

Kagoya, chini kabisa, ekseli mabegani,
anafoka hadi bati linaitika:
"Sema kumi, afande! Sema!"