Nusu Eka, Njiru

Lori lilikuja bure. Neno hilo ndilo lililonifungulia lango.
Bure kabisa, alisema Mutiso dereva, hata kupakua hulipi,
wakubwa wanatafuta tu pa kulimwaga.
Tope la maji taka lililoanikwa likakauka, jeusi,
linamung'unyika vidoleni kama keki ya juzi.
Halinuki. Labda kidogo, alfajiri, upepo ukitoka Ruai.

Nikalitandaza kwa reki mwezi wa tatu.
Mvua ikanyesha, na sukuma ikatoa majani
ya kufunikia sufuria ya harusi.
Terere ikanifika kiunoni. Managu ikasahau uchungu.
Wanawake wa Kayole wakapita vibanda vitatu kunijia:
"Khalayi, tupe zile nyeusi nyeusi za kwako."
Mwaka huo nililipa karo yote siku ya kufungua shule,
nikadai risiti kwa sauti.

Kisha akaja Kerubo wa chuo, na glavu za samawati,
akachota udongo, makopo sita, akayaandika namba.
Karatasi ilirudi baada ya wiki saba.
Kadimi. Kromi. Risasi.
Risasi nilidhani ni ya bunduki.
Ni madini, mama, akasema.
Ile ya bunduki angalau hulia.

"Naosha vipi?"
Mboga huoshwa, akasema. Udongo hauoshwi.
Halafu akatazama viatu vyake.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu.
Hiki sikukichimba. Nilikipalilia.

Usiku nausikiliza mji, bomba kwa bomba:
kiwanda cha ngozi, fundi wa betri, saluni, hospitali,
na mimi na beseni langu la povu la bluu,
sote tunamwaga, tunasikia maji yakigugumia chini,
tunasema yamekwenda.
Yamekwenda, ndiyo. Yamekwenda kupanda lori.

Nilimpigia Mutiso.
Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Niling'oa zote, hata miche.
Usichome, alinionya Kerubo, moshi nao hubeba.
Usimpe mbuzi. Usifukie.
Basi rundo likaegemea ua,
siku nne zima likikataa kunyauka,
jirani akiuliza juu ya ukuta kama nimerukwa na akili.

Sasa naamkia Marikiti saa kumi usiku,
nanunua za watu, sijui wamezipandia nini.
Jana mama Adisa alikuja, mtoto mgongoni,
yule aliyeachishwa ziwa kwa terere yangu iliyopondwa.
"Mbona hizi zimepauka? Ziko wapi zile za kwako?"
Mvua, nikasema.
Hakukuwa na wingu.
Mtoto akanyoosha mkono, akanishika kidole, akakaza.
Nikaongeza fungu la pili juu ya lile alilolipia.
"Na hili ni ngapi?" akauliza.

Nikafungua mdomo.
Lile neno likakataa kutoka.