Dakika Saba

Boliviano mia na arobaini.
Nimezihesabu mara mbili ndani ya soksi,
mara ya tatu ndani ya gari la waya
linalopanda kutoka La Paz kwenda El Alto,
chini yangu mapaa ya bati, mbwa,
suruali zilizoganda kambani
zimesimama wima bila mtu.

Ni Alhamisi. Soko limeshafunika barabara.
Wanauza milango ya magari, meno ya bandia,
kiatu kimoja kimoja.
Mimi natafuta kicheza muziki
cha watoto wawili:
Yhoselin, miaka tisa, anayepiga meza ngoma mpaka supu inamwagika,
na Wilmer, sita, anayetaka chochote alichonacho Yhoselin.

Simu sitaki.
Simu ni mlango, kila mtu hupita na viatu vyake.
Mimi nataka dirisha, tena dogo,
la kuingiza sauti tu.

Kijana wa kwanza: "Hiki kina skrini, mama,
kina michezo, kina picha, kina taa."
Mia tatu.
"Na kazi za shule kinafanya?" nikamwuliza.
Hakucheka.

Meza ya pili, plastiki ya waridi, sitini.
Nikabonyeza kitufe,
kitufe kikaingia, hakikutoka.
Rahisi huvunja upishi. Nikakirudisha taratibu,
kama mtu aliyevunja kikombe cha mwenyeji.

Doña Eustaquia alikuwa ameketi juu ya blanketi,
miwani imefungwa kwa uzi.
Cha kwake kijivu, ukubwa wa kiberiti,
kona moja imeng'atwa, sijui na nani.
Vitufe vitano, kidole gumba kinavijua gizani.
Betri ile nyembamba, ya boliviano tatu, inapatikana kila duka.
Mia na ishirini, akasema.
Tisini, nikasema.
Tukanyamaza. Akafuta vumbi lisilokuwepo.
Mia na kumi.

"Watoto wangapi?"
"Wawili."
Akapekua mfuko, akatoa waya mfupi
wenye matundu mawili ya hedifoni.
"Huu ishirini."
"Ishirini! Waya urefu wa kidole!"
"Hiyo ni bei ya amani, dada."

Nikalipa.
Betri mbili, sita.
Nauli ya kushuka, tatu.
Ikabaki moja, nayo ikarudi kwenye soksi.

Hedifoni tunazo: zangu,
na zile alizoziacha Rufino alipokwenda Calama kwenye migodi,
sikio la kushoto limekufa.

Nyumbani tukakiwasha.
Ndani mlikuwa na kitu kimoja tu, hakina jina,
dakika saba.
Tukangoja gitaa. Tukangoja filimbi.
Akaja mwanamume anakoroma.
Anakoroma kweli, wa kifua kizima,
labda mkewe alitaka ushahidi.
Yhoselin alicheka hadi akashuka kitandani bila kujua.

Kesho Ademar wa ghorofa ya chini
atatutilia nyimbo kwa kompyuta yake,
kwa hiyo nikatafuta pa kufutia.
Wilmer akaweka kiganja juu ya vitufe vyote vitano.
"Usifute."
"Kwa nini?"
"Ndivyo baba anavyolala."

Rufino hakoromi.
Miaka minane kitanda kimoja, najua:
hulala kimya kama gunia la viazi,
mara nyingine nilikuwa nikimgusa kuhakikisha.
Nikafungua mdomo niseme.
Lakini Rufino alipoondoka
Wilmer alikuwa na miaka mitatu,
na Yhoselin, ambaye anakumbuka,
alikuwa akinitazama.

Nikaenda kuosha sufuria.

Sasa wamelala, waya wa ishirini katikati yao,
kila mmoja na upande wake.
Nimekuja kukizima, betri si za bure.
Nimeokota sikio lililoanguka mtoni,
nikaliweka kwangu, dakika moja tu.

Mtu huyu ana mwendo wake:
anavuta, anapanda, anashuka kwa kelele.
Kwenye dakika ya tano anakatika.
Nikashika pumzi.

Akaendelea.