Mia Tano Hamsini

Seva yangu imekaa juu ya kreti la soda
chini ya ngazi, hapa Mabatini,
pale ambapo jiwe lilitangulia na nyumba ikalizunguka.
Inakoroma usiku. Mke wangu anaiita mpangaji asiyelipa.

Nilimwandikia Nestory wa Bukoba
mistari mitatu, sikuongeza neno:
Goti linaendeleaje?
Senene wamefika, au mwaka huu wamewapita juu kwa juu?
Ile redio bado ninayo.

Ikarudi kabla sijavua miwani.
Mia tano hamsini, imeandika mashine ya huko,
kutoka kwako hatupokei.
Bila salamu. Hata mbwa wa Isamilo hubweka kwanza.

Miaka ishirini na sita nilikuwa Posta,
dirisha la nne, baadaye chumba cha nyuma,
nikigonga muhuri mwekundu
RUDISHA KWA MTUMAJI
kwa waliohama, waliofariki,
waliokataa kulipia stempu pungufu.
Niligonga huku naongea mambo ya mpira.
Sikuwahi kumwona mtu akiipokea.

Basi nikafungua daftari la seva, mstari kwa mstari.
Mlango ishirini na tano uko wazi, nimeubisha mwenyewe.
Sahihi ipo. Saa haijapotea.
Orodha ya matarishi ninaowaamini
ina tarishi mmoja, ndiye mimi.
Ukiita jina, namba inaitika.
Ukiita namba, jina haliitiki.
Hapo ndipo kwenye ugonjwa.

Kumbe huko barua ziendako wanauliza kinyumenyume:
Wewe namba, mwana wa nani?
Na namba yangu inatumbua macho
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Tena nimo kwenye orodha nyeusi.
Namba hii nilipewa mwezi wa tatu.
Aliyekuwa nayo kabla yangu alikesha akiuza
dawa za nguvu na bahati nasibu,
akahama, akaniachia wadai.
Aliyewahi kupanga chumba Igogo anayajua haya:
watu wanakuja saa mbili usiku kumuulizia Mashaka,
unawaambia mimi si Mashaka,
wanasema ndivyo Mashaka angesema.

Nikaenda mjini kwa hao wanaoniuzia mtandao.
Binti wa kaunta, beji yake Holo,
alinisikiliza hadi mwisho, jambo nisilolizoea.
Mzee, akasema, unachotaka ni barua ya utambulisho.
Kama ya mwenyekiti wa mtaa?
Kama hiyohiyo, ila ya namba.
Nikalipia namba isiyohamahama,
nikajaza fomu, nakala mbili.
Siku saba za kazi. Zikawa kumi na moja.
Magugumaji yakaja Kirumba, yakafunga mwalo, yakaondoka.

Seva haikujaribu tena. Mia nne ni njoo kesho,
mia tano ni hapana.
Posta tulikuwa na mia nne nyingi.

Leo saa tano asubuhi nikaituma upya, vilevile, goti mbele.
Mia mbili hamsini. Imepokelewa.
Nikasubiri. Nikala sato na ugali. Nikasubiri.

Jioni nikampigia.
Sijaona kitu, akasema Nestory.
Angalia kwenye takataka.
Akanyamaza, nasikia anahema, anabofya.
Ala! Ipo, kati ya mkopo wa haraka
na mjane wa jenerali fulani.

Akanisomea barua yangu mwenyewe kwa sauti,
neno, kituo, neno,
kama tulivyosomeana telegramu zamani:
goti, kituo,
senene, kituo,
alipofika kwenye redio akasita.

Ile ya dirishani? akauliza.
Nilidhani uliitupa.